Notisi ya siku 14: kisa cha Mwalimu, kuku wake 16 na jirani wa ghorofani

Mwalimu alinipigia simu jioni, sauti inatetemeka, akasema mwanangu kesho asubuhi kuna mtu anakuja na gari kuchukua kuku wote na mbuzi, bei tumeshakubaliana na ni bei ya kutupa, kwa hiyo kama unataka hata wawili sema sasa hivi. Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema ameletewa notisi ya manispaa, siku 14 aondoe mifugo yote, asipoondoa watakuja kuikamata wenyewe na faini juu yake. Nikamwambia Mwalimu shikamoo kwanza, halafu usiuze mnyama hata mmoja usiku huu, nakuja niione hiyo karatasi.

Nakiandika hiki kisa chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu nimefanya kazi na wafugaji miaka mingi na naona wanaofuga mjini wanarudia kosa lilelile, mtu akiona karatasi yenye muhuri anauza kila kitu kwa woga na hasira bila hata kusoma sheria inasemaje. Na upande wa pili naona maofisa na majirani wanaoongelea "mifugo" kana kwamba jogoo, mbuzi mwenye mimba na mbwa ni kitu kimoja chenye dawa moja. Hapa kila upande ulikosea sehemu yake, na kuna mahali mimi mwenyewe nilisimama kinyume na Mwalimu ingawa ndiye aliyenifundisha kusoma.

Nieleze kwanza kiwanja kilivyo maana bila hapo hutaelewa lolote. Nyumba iko mbele, nyuma kuna uwanja wa kama mita 18 kwa 9. Humo alikuwa na mitetea 15 na jogoo mmoja, mbuzi majike wawili wa maziwa ambao mmoja ana mimba ya kama miezi mitatu, na mbwa mmoja mzee anayelala mlangoni. Banda la kuku limeegemea ukuta wa mpaka, alilijenga miaka 11 iliyopita wakati upande wa pili ni majani matupu. Miaka miwili iliyopita likapanda pale ghorofa, na balkoni ya ghorofa ya pili inatazama banda moja kwa moja kutokea juu. Nilipima kwa tepu kutoka ukuta wa banda mpaka ukuta wa ghorofa, mita 2 na sentimita 40.

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari sita. Ukaguzi umefanyika, imebainika mifugo inasababisha kero kwa wakazi, kwa mujibu wa sheria ndogo za ufugaji mjini ondoa mifugo yote ndani ya siku 14. Basi. Haitaji kifungu, haisemi kero ni ya kitu gani, haisemi nani alikagua wala alipima nini. Mwalimu anasema alikuja kijana mmoja akasimama getini dakika mbili tatu, akapiga picha na simu akaondoka.

Asubuhi tukaenda ofisini, nikaomba nakala ya sheria ndogo yenyewe. Hii hatua watu wanairuka sana na ndo hatua ya bure kuliko zote, unaomba, unapewa fotokopi, unakaa chini unasoma. Kurasa tisa. Na ukizisoma zote picha inabadilika kabisa, maana sheria haikatazi kufuga. Ndege mpaka 20 kwa kaya wanaruhusiwa ukijiandikisha, ila jogoo hapana kwenye makazi yaliyobanana. Banda liwe angalau mita 10 kutoka nyumba ya mtu mwingine. Mavi yakae kwenye chombo chenye mfuniko na yatolewe angalau mara moja kwa wiki. Mbuzi ni kwa kibali maalum, na zizi lake liwe mita 30 kutoka makazi ya wengine. Mbwa asajiliwe na achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Halafu karibu na mwisho kabisa, ukurasa wa nane, kuna kifungu kinachosema mfugaji ataelezwa kwa maandishi kosa gani analo na atapewa muda wa kurekebisha, na mifugo itaondolewa pale tu ambapo hakurekebisha au kosa lenyewe halirekebishiki.

Nilimsomea Mwalimu kile kifungu mara mbili. Akanyamaza, halafu akasema kwa hiyo wamenionea. Nikamwambia ndio na hapana. Wamekuonea kwa sababu wameruka hatua nzima, hujaambiwa kosa wala hujapewa nafasi ya kurekebisha. Lakini Mwalimu, jogoo haruhusiwi na unaye, banda lipo mita mbili na kitu badala ya kumi, mavi yako wazi, mbuzi hawana kibali. Ukienda pale kupigana na notisi tu bila kurekebisha hayo, watakuandikia notisi nyingine yenye vifungu vyote na hapo huna pa kushika. Hakupenda, ila alielewa.

Jioni nikaenda kwa jirani. Hakuna aliyenituma, lakini kwa uzoefu wangu malalamiko ya maandishi hayafanani na kinachomuuma mtu, na ukitaka kujua cha kurekebisha lazima umsikilize mlalamikaji mwenyewe kwenye nyumba yake. Ni kijana, baba wa mtoto wa miezi minne. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakuwa na chuki na Mwalimu, alimuita "mama wa chini". Alikuwa na video 23 kwenye simu, zote za usiku, zote za jogoo. Saa tisa na dakika kumi usiku, saa tisa na nusu, saa kumi, na kila ikianza mtoto anasikika analia. Halafu akanitoa balkoni, kulikuwa na joto, harufu ikanipiga kabla hata sijakaa, na inzi walikuwa wamejaa kwenye kamba ya nguo za mtoto. Nikamuuliza na mbuzi je, akasema mbuzi hawana shida sana isipokuwa kuna siku mbili hivi wanapiga kelele kutwa nzima halafu wanatulia. Nikamuuliza umewahi kushuka kumwambia mama? Akasema hapana, aliona aibu, yeye ni mgeni na yule ni mtu mzima, akaona bora aandike ofisini.

Miaka miwili hiyo. Kila mtu yupo upande wake wa ukuta, mmoja halali, mwingine hajui kama kuna mtu halali.

Tuanze na jogoo kwa sababu ndiye aliyeandika yale malalamiko, sio mwingine. Mwalimu alikuwa anaamini kitu ambacho wafugaji wengi wadogo wanakiamini, kwamba bila jogoo mitetea haitagi. Sio kweli. Mtetea anataga na jogoo asipokuwepo kabisa, jogoo anahitajika tu kama unataka mayai ya kutotolesha, yale ya siku 21. Mwalimu hajatotolesha kifaranga hata mmoja miaka mitatu, anakula mayai na anauza kidogo. Kwa hiyo jogoo alikuwa pale kwa imani tu.

Alipendekeza tumfunge kwenye boksi la giza usiku. Nilimkatalia na nieleze kwa nini, maana ushauri huu unazunguka sana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika siku nzima na bado waliwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, ikaonekana saa iko ndani ya mwili wa jogoo mwenyewe, na kwa kawaida anaanza kama saa mbili kabla mwanga haujatoka. Giza linapunguza kinachomchokoza kutoka nje, kama taa ya gari au jogoo wa mtaa wa pili, ila halizimi saa yake. Na boksi lisilopitisha hewa kwenye joto linaua, nimeshaona. Kuna wanaofunga shingo kwa mkanda ili asipate pumzi ya kuwika, hicho sikishauri kwa mtu yeyote anayesema anapenda wanyama wake.

Na sauti yenyewe usiichukulie poa. Watafiti wa Ubelgiji mwaka 2018 waliweka maikrofoni ndogo kwenye masikio ya majogoo, wakapata zaidi ya desibeli 130 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) pale sikioni, na jogoo mwenyewe haimdhuru kwa sababu akifungua mdomo kuwika tundu la sikio lake linajiziba. Mtoto wa miezi minne hana kitu cha kujiziba. Sauti ikisafiri sehemu ya wazi inapungua kama desibeli 6 kila umbali unapokuwa mara mbili, kwa hiyo mita mbili na kitu hazitoshi kuishusha mpaka mtu alale, na ukuta wa ghorofa unairudisha juu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya lilisema wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Kwa hiyo yule kijana hakuwa anadeka.

Hata sheria zinazowapenda wafugaji zinamtenga jogoo. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1950 inayomruhusu mkazi kufuga mitetea na sungura kwa matumizi yake hata kama mkataba wa nyumba unakataza, lakini imetaja mitetea, jogoo hayumo, na imesema wazi wasiwe hatari kwa afya wala kero. Jiji la Seattle Marekani mwaka 2010 liliongeza idadi ya kuku wa nyumbani kutoka 3 mpaka 8, na kwenye mabadiliko hayohayo likakataza majogoo. Wametenganisha. Hicho ndo kitu ambacho notisi ya Mwalimu haikufanya.

Jogoo aliondoka siku ya tatu, ndugu yake Mwalimu anayekaa shambani alikuja kumchukua. Siku ya nne jirani akanitumia meseji saa moja asubuhi, imeandikwa tu "tumelala".

Sasa mavi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo ufugaji wa mjini unapona au unakufa. Kuku mmoja mkubwa anatoa gramu 100 na kidogo za mavi mabichi kwa siku. Kuku 16 ni karibu kilo 2 kila siku, kilo 14 kwa wiki, na kama robo tatu ya hayo ni maji. Mwalimu alikuwa anafagia banda kila Jumamosi na kurundika pembeni ya ukuta, ule ukuta wa mpaka, chini ya balkoni kabisa. Yeye anaona ni msafi, na kweli anafagia kwa bidii, sijawahi kuona fagio lake limekauka. Tatizo lilikuwa maji. Chombo cha kunyweshea kilikuwa kimepasuka mdomo, kinadondosha matone usiku na mchana, na matandazo yote ya sakafuni upande ule yalikuwa tope. Mavi makavu ya kuku hayanuki sana. Yakilowa, bakteria wanaivunja ile asidi ya yuriki iliyomo na inatoka amonia, ndo ile harufu inayochoma pua na macho, na kabla haijamfikia jirani inakuwa imeshawaumiza kuku wenyewe kifua na macho. Nilichukua konzi ya matandazo nikaminya, yakabaki tonge. Yakiwa sawa ukiminya halafu ukafungua mkono yanaachana yenyewe. Kipimo hiki hakihitaji mashine.

Inzi nao wana hesabu yao. Inzi wa nyumbani anataga mayai kama 75 mpaka 150 kwa mkupuo, na kwenye joto yai linafika kuwa inzi kamili ndani ya siku 7 mpaka 10. Sasa wewe ukisafisha kila siku ya saba na uchafu ukauacha palepale pembeni ya ukuta, umewahamisha mahali tu, wanamalizia kukua kwenye rundo. Ndo maana sheria inayosema "mara moja kwa wiki" mimi naiona ni legelege, kwenye msimu wa joto unatakiwa kutoa mara mbili kwa wiki na rundo lifunikwe, hapo unakata mzunguko kabla funza hajawa inzi. Mwalimu angeweza kutimiza sheria kwa herufi na bado jirani yake akala na inzi.

Tulichofanya ni kubadilisha chombo cha maji kwanza, siku hiyohiyo, kabla ya kitu kingine chochote. Tukatoa matandazo yote yaliyolowa, tukaweka maranda makavu ya mbao unene wa kiganja. Mavi tukayaingiza kwenye pipa mbili zenye mfuniko na matundu pembeni, tabaka la mavi, tabaka nene la majani makavu na maranda, kwa sababu mavi ya kuku yana naitrojeni nyingi mno na bila kitu kikavu cha kuyapooza yanaoza kwa uvundo. Likichanganywa vizuri pipa linapata joto lenyewe, na ukipata nyuzi 55 kwa siku kadhaa mfululizo vijidudu vingi vya magonjwa vinakufa, ikiwemo salmonela. Kipimajoto kirefu cha kuchomeka niliazima kazini, siku ya tano kilisoma 58. Wiki ya pili nilipanda tena balkoni kwa jirani nikavuta pumzi kwa nguvu, nikapata harufu ya maranda na sabuni ya kufulia.

Umbali ulitusumbua zaidi. Mita 10 kutoka nyumba ya mtu mwingine, kwenye uwanja wa upana wa mita 9 wenye ghorofa upande mmoja na nyumba nyingine nyuma. Tulipima na tepu pande zote, tukachora kwenye karatasi ya daftari, sehemu pekee iliyotimiza ni kona karibu na mlango wa jiko la Mwalimu mwenyewe. Akakataa, akasema siwezi kukaa na harufu mlangoni. Nilinyamaza nikamwangalia tu, na yeye mwenyewe akaelewa alichokisema, akainama, akasema haya hamisha. Hapo ndo nilimheshimu zaidi. Na nakuambia banda likiwa mlangoni kwako unalisafisha bila kukumbushwa na mtu.

Kuna hoja moja aliishikilia mpaka karibu na mwisho, kwamba yeye alikuwepo kwanza, ghorofa limemkuta, kwa hiyo wao ndo wavumilie. Naielewa na inauma. Lakini kisheria hoja hiyo ni dhaifu sehemu nyingi. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1879, mtengeneza pipi alikuwa anatwanga kwenye kinu mahali palepale zaidi ya miaka 20, daktari akaja akajenga chumba cha kuonea wagonjwa kwenye mpaka, kelele zikamshinda, akashtaki, na daktari akashinda. Kutangulia peke yake hakukumsaidia mwenye kinu. Watu wanapenda kutaja ile kesi ya jogoo Maurice wa Ufaransa, ambapo mahakama ya Rochefort mwezi Septemba 2019 ilikataa madai ya wenye nyumba ya mapumziko, ikaamua jogoo abaki, na baadaye mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kulinda sauti na harufu za vijijini. Sawa, lakini ile ilikuwa kisiwani, mazingira ya kijijini, na sheria yenyewe inaongelea vijiji. Ukiichukua ukaipeleka kwenye uwanja wa mita 9 kwa 18 katikati ya ghorofa haikubebi. Kilichokuwepo miaka 11 iliyopita ni banda kwenye majani, kilichopo leo ni banda chini ya dirisha la mtoto.

Mbuzi ndo sehemu niliyopingana naye. Mbuzi wale ni wazuri, wametunzwa, kwato zimekatwa, wana majina. Zile kelele za siku mbili ni joto, yaani siku za kutaka dume, mbuzi jike akiwa hana mimba anapata joto kila baada ya kama siku 21 na anaita kweli. Hiyo sio shida kubwa. Kilichonitisha mimi ni ile mimba. Mbuzi akizaa au akitoa mimba anaweza kutoa bakteria wa homa ya Q, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, kwenye maji ya uzazi na kondo la nyuma, na bakteria huyo anavumilia vumbi na anasafiri na upepo. Uholanzi kati ya mwaka 2007 na 2010 watu zaidi ya 4,000 waliripotiwa kuugua, chanzo kikubwa kikiwa mashamba ya mbuzi wa maziwa karibu na makazi, na serikali ikaua mbuzi zaidi ya 50,000 wengi wakiwa na mimba. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba mbuzi wa Mwalimu wanaumwa na sikusema wanaumwa, lakini ile mita 30 ya kwenye sheria haijawekwa na mtu mwenye roho mbaya. Kiwanja hakiwezi kuitoa hata ukikigeuza vipi, na juu kuna kichanga.

Aliniuliza abaki na mmoja tu, yule asiye na mimba. Nikasema hapana tena, kwa sababu mbuzi ni mnyama wa kundi, akibaki peke yake analia, anakonda, anaruka fensi, utakuwa umetengeneza kero mpya na mateso juu. Wakaondoka wote wawili pamoja, kwa ndugu huyohuyo aliyemchukua jogoo, na sio kwa yule mnunuzi wa bei ya kutupa. Mwalimu alilia. Wiki mbili hakupokea simu yangu. Bado naamini nilimwambia kweli na bado linanikaa moyoni.

Sasa kuna kitu ambacho hakikuandikwa kwenye notisi wala kwenye malalamiko, jirani hakukitaja, yule kijana wa manispaa hakukiona, na ndo kilikuwa hatari kuliko vyote kwenye ule uwanja. Mbwa. Mzee, mpole, habweki, kila mtoto wa mtaani anamshika kichwa akipita. Nikaomba kadi yake ya chanjo kwa mazoea tu ya kazi, Mwalimu akaitafuta kwenye droo, chanjo ya kichaa ilikuwa imepitwa na muda zaidi ya miaka miwili. Karibu vifo vyote vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, mpaka asilimia 99, chanzo ni mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu ni kifo karibu kila mara. Ili ugonjwa usizunguke kwenye eneo unahitaji mbwa angalau asilimia 70 wawe wamechanjwa, na huyu mpole wa mlangoni alikuwa kwenye ile sehemu nyingine. Ipo palepale kwenye sheria ndogo, ukurasa wa sita. Hakuna aliyelalamika kwa sababu haina harufu wala haiwiki saa tisa usiku.

Hili ndo linalonisumbua kuhusu namna sheria hizi zinavyosimamiwa. Mfumo unasubiri mtu akasirike. Kinachokasirisha ni sauti na harufu, basi ofisi inakimbilia sauti na harufu, na magonjwa yanayoua kimyakimya hayana mlalamikaji. Na ofisi ikifika inahesabu vichwa. Sheria imesema ndege 20, Mwalimu alikuwa nao 16, kwa idadi yuko safi kabisa, wakati kwa chombo kimoja kilichopasuka alikuwa anamnyima mtu amani kila siku. Mwingine anaweza kuwa na 25 kwenye matandazo makavu, jirani asijue kama ana kuku. Mimi ningekuwa naandika sheria hizi ningeweka idadi, ndio, lakini ningemlazimisha mkaguzi aingie ndani, apime umbali, aminye matandazo, aombe kadi ya mbwa, aandike alichokuta. Dakika ishirini zinatosha.

Na kufagia kila kitu kwa amri moja kumejaribiwa zamani. New York mwaka 1859 jiji lilituma polisi kuvunja mabanda ya nguruwe na kuwaondoa kwa maelfu. Harufu ilikuwa kweli, lakini walioumia zaidi ni maskini ambao wale nguruwe walikuwa akiba yao. Kuna wakati kufunga kabisa kunahitajika, sikatai, Hong Kong mafua ya ndege yaliwapata watu 18 mwaka 1997 na 6 wakafa, wakaua kuku wote zaidi ya milioni 1, na mwaka 2006 wakapiga marufuku ufugaji wa kuku majumbani. Pale kulikuwa na ugonjwa unaoua watu. Kwa Mwalimu kulikuwa na jogoo mmoja na chombo kilichopasuka.

Barua yetu ya kujibu ilikuwa ukurasa mmoja. Hatukubishana. Tulitaja namba ya notisi na tarehe, tukataja kile kifungu cha ukurasa wa nane na kuomba tuelezwe makosa kwa maandishi, halafu tukaorodhesha tulichokwisha kurekebisha na tarehe ya kila kimoja, tukaambatanisha mchoro wa daftari wenye vipimo, picha za kabla na baada, na nakala ya kadi mpya ya chanjo ya mbwa. Mwishoni tukaomba ukaguzi wa pili kabla ya siku ya 14. Jirani, na hili sikumwomba, aliandika mistari mitatu yake mwenyewe kwamba kero aliyolalamikia imeisha na hana pingamizi na mitetea. Tukapeleka siku ya tisa, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Usiache barua yoyote ofisini bila ule muhuri.

Siku ya 12 alikuja afisa mwingine, mama mtu mzima, akaingia mpaka ndani ya banda. Alipima kutoka banda mpaka ukuta wa ghorofa, mita 10 na sentimita 15. Alifunua mapipa yote mawili. Alimwambia Mwalimu apunguze kuku wawili kwa sababu banda jipya ni dogo, na alikuwa sahihi, mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya kubana. Notisi ikafutwa kwa maandishi, mitetea 13 ikasajiliwa kwa mwaka mmoja.

Mwalimu sasa anapokea simu yangu. Juzi kijana wa juu alishuka na mtoto mgongoni kuchukua mayai, akamwambia mama mbona kuku wako hawasikiki siku hizi, akamjibu nenda kaangalie wako mlangoni kwangu. Tarehe ya kufanya upya usajili nimeiandika kwenye simu yangu, ya chanjo ya mbwa nayo, na ile ya kwenda kuwaona mbuzi, maana yule mwenye mimba amezaa mapacha na Mwalimu anataka nimpeleke.